Maji kando ya mapafu kisha operesheni ya moyo: eko inayapima namna gani?

Katika miji na vijiji vya mashariki, ukitaja "eko" watu wanafikiri mara moja mama mwenye mimba. Lakini mashini ile ile inaweza kuelekezwa ku kifua. Kwa mtu aliyepasuliwa moyo, inaweza kuonyesha kitu ambacho masikio ya muganga na hata radio (ile ya kupiga picha ya kifua, si ya kusikilizia habari) vinaweza kukosa: maji yaliyokusanyika kando ya pafu.

Maji hayo hayako ndani ya pafu. Pafu limefunikwa na ngozi mbili nyembamba, moja imeshikamana na pafu lenyewe, ingine na mbavu. Kati yake kwa kawaida kuna maji kidogo sana ya kulainisha, vijiko vichache vya chai tu. Kisha operesheni ya moyo yanaongezeka kwa wagonjwa wengi, mara nyingi upande wa kushoto: damu imevuja kidogo, ngozi zimeguswa na kuvimba, ao moyo wenyewe ungali zaifu. Kwa wengi yanakauka yenyewe. Yakizidi, yanabana pafu. Mgonjwa anahema haraka, hawezi kulala chali, usiku anaegemea mito.

Kwa nini radio haitoshi? Mgonjwa akisimama, picha ya mbele inahitaji karibu mililita 200 ndipo maji yaonekane vizuri. Akilala ni mbaya zaidi: maji yanatandaa nyuma, na picha inakuwa kama yenye ukungu. Eko inaona hata kiasi kidogo kuliko hicho, haina miale, na inaletwa mpaka ku kitanda.

Muganga anapaka jeli ku mgongo na ubavu, kisha anatembeza kichwa cha mashini kati ya mbavu. Mashini inatuma sauti ambayo sikio halisikii. Ndani ya maji sauti hiyo inapita bila kurudi, kwa hiyo maji yanaonekana meusi. Juu yake pafu linaonekana, pengine likipepea. Chini kuna kiwambo cha kupumulia, na chini ya kiwambo ini upande wa kuume, bandama upande wa kushoto. Kutambua kiwambo si jambo la kupuuza: anayekosea hapo anaweza kuingiza sindano mu ini.

Kisha inakuja hesabu. Mwaka 2010, waganga wa Tübingen, Ujerumani, walitangaza njia rahisi kwa wagonjwa waliopasuliwa moyo. Mgonjwa anaketi, wanapima milimita kati ya kiwambo na pafu, wanazidisha kwa 16. Milimita 30 zinatoa mililita 480, karibu nusu lita, na hapo ndipo muganga anaanza kufikiri kuyatoa. Waganga wa Prague walikuwa wametoa njia ingine mwaka 2006, kwa wagonjwa wanaopumua kwa mashini wakiwa wamelala chali: wao wanapima nafasi kati ya ukuta wa kifua na pafu, wanazidisha kwa 20. Milimita zile zile 30 zinakuwa mililita 600.

Ndiyo maana karatasi iliyoandikwa "maji kidogo", ao "milimita 30" peke yake, haisaidii sana. Mgonjwa alikuwa ameketi ao amelala? Walipima wapi? Eko ya pili ikifanywa namna tofauti, hakuna mtu atakayejua kama maji yamepungua kweli. Na hata ikifanywa vizuri ni makadirio tu. Kama maji yamegawanyika vyumba vyumba, ao damu imeganda ndani, hesabu hizo hazifai.

Tena si namba peke yake inayoamua sindano. Mgonjwa anayetembea na kulala vizuri anaweza kupewa dawa na kuangaliwa. Mwingine mwenye kiasi kile kile anashindwa kumaliza sentensi. Ikibidi kutoboa, sindano inapita juu ya ubavu, si chini yake, maana mishipa inapita chini. Kwa kawaida hawatoi zaidi ya lita moja na nusu mara moja.

Kuna hatari moja ambayo familia inapaswa kuisema kabla haijaulizwa: dawa za kuzuia damu kuganda. Mwenye valvu ya chuma ku moyo anazikunywa maisha yote. Muganga anahitaji kujua, na kuangalia kipimo cha INR, kabla ya kutoboa. Lakini mgonjwa asiziache mwenyewe nyumbani, sababu valvu inaweza kuziba.

Mambo haya yanawahusu hasa wagonjwa wanaopasuliwa mbali, ng'ambo ya mpaka, kisha wanarudi nyumbani. Maji yanaweza kuja hata wiki kadhaa baadaye, wakati yule aliyepasua hayuko karibu. Pumzi ikianza kukata, watu wasiseme ni uchovu wa safari. Wapeleke mgonjwa ku lopitali pamoja na karatasi zote za operesheni na dawa anazokunywa, na waombe eko ya kifua na ya moyo, maana maji yanaweza pia kuzunguka moyo na kuubana. Akizirai, ao midomo ikigeuka rangi ya bluu, wasingoje asubuhi.