Unakaa kwa Nani?

Ukiingia ofisi ya serikali ya mtaa, hutaanza kuulizwa jina. Utaulizwa: "Unakaa kwa nani?" Kwa miaka niliyokuwa mtendaji wa mtaa pembezoni mwa Dar es Salaam, nimeuliza swali hilo kuliko jingine lolote, na nimeona wageni wengi wakikunja uso. Mtu amepanga kwa fedha yake, ana kazi yake, anahisi anahojiwa kama mtuhumiwa. Nataka kueleza kwa nini linaulizwa, maana sehemu kubwa ya usumbufu wanaoupata wakazi wapya inaanzia hapo.

Asubuhi moja alikuja binti aliyehamia kwetu majuma matatu nyuma. Mkononi alikuwa na picha mbili ndogo na kikaratasi alichoandikiwa benki: alete barua ya utambulisho.

"Shikamoo mama," alimwamkia mwenyekiti wa mtaa.

"Marahaba mwanangu. Unakaa kwa nani?"

Jina la mwenye nyumba hakulijua. Kodi alimkabidhi dalali. Mwenye nyumba yuko Mwanza. Majirani nao hajafahamiana nao, kwa kuwa anatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala na kurudi giza limeshaingia. Mwenyekiti alifungua kaunta buku, akapitisha kidole kwenye majina, akalifunga polepole. "Sasa mwanangu, nikiandika kwamba nakufahamu, nitakuwa nimemfahamu nani?"

Barua ya utambulisho ni ushahidi. Benki, shule, NIDA wanaotoa vitambulisho vya taifa, polisi kwenye dhamana, wote wanataka kuhakikishiwa kwamba yupo kiongozi anayemjua mtu huyu na anajua anapolala. Aliyedhaminiwa akitoroka, anayepigiwa simu ni yule aliyeweka saini. Zamani kumjua kila mtu kuliwezekana. Lakini sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Nyongeza hiyo ya watu zaidi ya milioni moja tumeiona kwa macho huku Goba, Kivule, Chanika na Bunju, mikorosho ikipisha misingi ya nyumba.

Kwa hiyo nenda ofisini juma la kwanza, kabla hujawa na shida. Chukua mkataba wa pango, kitambulisho ulichonacho, jina na simu ya mwenye nyumba, na barua ya mtaa uliotoka kama unayo. Angalia pia namba iliyobandikwa mlangoni na jina la barabara kwenye kibao; ziliwekwa katika operesheni ya anwani za makazi, na ukizitaja mtendaji hahangaiki na "nyuma ya mwembe, geti jeusi". Uandikwe kwenye daftari la wakazi. Ni kazi ya dakika chache, na siku ndugu yako akiwekwa mahabusu usiku utajua thamani yake.

Halafu watu hawajui wanayemtafuta ni nani. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa na wakazi kila baada ya miaka mitano; mara ya mwisho ilikuwa Novemba 2024. Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri, ndiye mwenye mafaili. Diwani ni wa kata nzima, yenye mitaa kadhaa.

Na mjumbe? Hapa naomba nisikilizwe vizuri. Mfumo wa mjumbe wa nyumba kumi kumi ulianzishwa na chama cha TANU miaka ya 1960, wakati chama na serikali vilipokuwa vikielekea kuwa kitu kimoja. Vyama vingi viliporudi 1992, mjumbe wa shina alibaki kuwa kiongozi wa chama chake. Bado zipo ofisi zinazomrudisha mtu: "Kalete kwanza karatasi ya mjumbe." Kama mjumbe ni jirani anayekufahamu, akusemee kama jirani mwingine yeyote. Ila kumnyima mkazi barua kwa sababu hana karatasi ya kiongozi wa chama ni kumwonea, na mimi mwenyewe nilichelewa kuliacha jambo hilo.

Kuhusu fedha, wengi huuliza kwa kunong'ona. Malipo halali ya serikali yana namba ya malipo au stakabadhi. Ukiambiwa "weka elfu tano ya wino", uliza kwa heshima stakabadhi iko wapi. Mchango wa ulinzi au wa taka ni jambo jingine. Huo hujadiliwa kwenye mkutano wa mtaa, na una haki ya kusomewa mapato na matumizi yake. Wapangaji hawaji kwenye mikutano hiyo wakidhani ni ya wenye nyumba. Ni ya kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea.

Hatari kubwa kuliko zote iko kwenye viwanja. Mnunuzi anakuja na muuzaji, mashahidi wawili na karatasi, anataka muhuri. Muhuri wa mtaa si hati. Hauthibitishi kwamba eneo si la barabara, si la shule, wala halijauzwa kwa mwingine. Nimeona kiwanja kimoja kikiwa na karatasi tatu zenye mihuri, kila moja na mnunuzi wake. Kafanye upekuzi ofisi ya ardhi kwanza, uandikiwe mkataba na wakili, ndipo uje kuuliza majirani mipaka; hapo mtaa tunaweza kukusaidia kweli. Ile asilimia 10 ya bei wanayodai baadhi ya viongozi sijaiona katika sheria yoyote. Mgogoro ukishatokea, Baraza la Kata tangu 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu ya ardhi.

Yule binti alirudi Jumamosi na mkataba wake, akifuatana na mama muuza vitumbua wa pembeni mwa nyumba yake. Tulimpigia mwenye nyumba Mwanza mbele yao, akapata barua siku hiyo hiyo.

Lakini anayehama haagi. Daftari letu lilikuwa na majina ya watu walioondoka miaka mingi. Katika muda wangu wote alikuja mzee mmoja tu, amevaa kanzu, kutuambia kesho anahamia Chanika kwa mwanawe. Nilipiga mstari juu ya jina lake, nikaandika tarehe, nikampa barua ya kupeleka huko.