Kaskazi na Kusi: Jua, Bahari, Nchi na Hewa

Kila mwenye umri wa makamo amepata kufunga Ramadhani ya joto na Ramadhani ya baridi. Mwaka 2015 mwezi huo uliingia Juni, pepo za kusi zikivuma na usiku una baridi ya kipupwe. Mwaka 2024 ukaingia Machi, wakati jua liko utosini na watu wakilisubiri wingu la masika. Sababu yake haina siri. Mwaka wetu wa mwezi una siku 354 au 355, nao ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi kuliko mwaka wa jua. Basi kila mfungo huzunguka majira yote kwa muda wa miaka kama thelathini na mitatu.

Kwa ibada mwaka huo ndio mwaka. Lakini nahodha wa jahazi na mkulima wa mpunga hawawezi kuongozwa nao katika kazi zao, kwani upepo na mvua havifuati mwezi, hufuata jua. Ndiyo maana wazee wetu wa pwani walikuwa na hesabu ya pili, hesabu ya Nairuzi, yenye siku 365, iliyogawanywa katika miongo, na kila mwongo siku kumi. Huko Makunduchi, katika kisiwa cha Unguja, siku ya kwanza ya mwaka huo hata leo huadhimishwa mwezi wa Julai. Sisemi hapa juu ya mambo yafanywayo siku hiyo, kwani hayo yana wenyewe. Nasema juu ya hesabu tu. Baharia mashuhuri wa Oman, Ahmad ibn Majid, aliyeandika kitabu chake kikubwa cha elimu ya bahari karibu na mwaka 1490, alitaja nyakati za kusafiri kwa kuhesabu siku za Nairuzi hiyo hiyo. Nyakati hizo Waarabu waliziita mawasim, na moja yake mausim. Nasi tukapata neno letu msimu. Wazungu nao walilichukua neno hilo hilo wakaliita kila mmoja kwa ulimi wake.

Sasa tuulize: ni kitu gani kiuvumishacho upepo miezi kadhaa kutoka kaskazini, kisha kikaugeuza ukavuma kutoka kusini, wala usikose mwaka hata mmoja?

Jawabu lake laweza kuonekana ufukweni. Nenda pwani saa saba mchana, siku ya jua kali, uvue viatu. Mchanga utakuunguza nyayo hata ukimbie. Ukifika majini utaona maji ni ya vuguvugu tu, ilhali jua lililowaka juu ya mchanga ndilo lililowaka juu ya maji. Kilo moja ya maji huhitaji joto mara tano hivi kuliko kilo moja ya mchanga mkavu ili vyote viwili vipande kwa nyuzi sawasawa. Tena mwanga wa jua hupenya majini na kwenda chini, na mawimbi huyachanganya maji, hata joto likaenea katika kina kirefu. Lakini mchanga huunguka juu tu, na ukifukua kidogo wakuta baridi. Usiku mambo hupinduka: nchi kavu hupoa upesi, bahari hupoa polepole.

Hewa nayo haipati joto lake kwa jua moja kwa moja kama wengi wadhanivyo. Sehemu kubwa huipata kutoka chini, kwa nchi na kwa maji yaliyokwisha kupashwa moto na jua. Hewa iliyopata moto hutanuka, ikawa nyepesi, ikapanda. Na pale ilipoondoka, hewa nzito ya baridi huja kushika mahali pake. Usidhani kwamba hewa haina uzito. Hewa iliyo juu yetu hapa pwani hukandamiza kila sentimita moja ya mraba kwa uzito wa kilo moja hivi. Uzito huo ukizidi mahali na kupungua mahali pengine, hewa hutoka penye uzito kwenda penye wepesi, na mwendo huo ndio upepo. Kwa hiyo mchana upepo hutoka baharini kuja bara, na usiku wa manane hata alfajiri hutoka bara kwenda baharini. Wavuvi wa ngalawa wanaujua sana huu wa pili, ule umande; hutweka tanga kabla ya jua kuchomoza wakaenda nao, na alasiri upepo wa baharini ukawarudisha nyumbani. Hawakusomea, lakini maisha yao yameegemea ule mchanga na yale maji.

Lichukue jambo hilo, ulikuze: mahali pa ufuko weka bara zima la Asia, mahali pa mchana weka miezi ya joto, na mahali pa usiku weka miezi ya baridi. Desemba hata Februari Asia hupoa mno, hewa yake ikawa nzito, ikamiminika kuja kusini ambako jua liko karibu na utosi. Huo ndio upepo wa kaskazi. Mei hata Septemba bara hilo hupata moto, na hewa ya bahari iliyo upande wa kusini, kutoka mashariki ya Madagaska na kwingineko, huvutwa kwenda kwake. Huo ndio kusi.

Lakini pepo hizi haziendi kwa mstari ulionyoka, na sababu yake ni mzunguko wa dunia. Penye ikweta ardhi huzunguka kwenda mashariki kwa mwendo wa karibu kilomita 1,670 kwa saa. Penye Maskati ni karibu 1,530 tu. Hewa ya kusi itokayo mbali kusini hutoka penye mwendo mdogo ikaingia penye mwendo mkubwa, basi huachwa nyuma, ikapinda kwenda magharibi. Ndiyo maana hapa kwetu huvuma kutoka kusini-mashariki. Ikivuka ikweta mambo hugeuka: sasa hutoka penye mwendo mkubwa kwenda penye mwendo mdogo, ikatangulia mbele, ikapinda kwenda mashariki, kuelekea Bara Hindi. Mwaka 1969 mtaalamu J. Findlater alieleza kwamba mbele ya pwani ya Kenya na Somalia, kiasi cha kilomita moja au moja na nusu kwenda juu, upepo huo hujikusanya ukawa kama mto wa hewa wendao kwa kasi kubwa. Mto huo ndio uchukuao mvuke hata India, na kwa kawaida mvua zake huanza katika jimbo la Kerala mwanzoni mwa Juni.

Mwenye kutaka kujua thamani ya elimu hii na asome habari za Vasco da Gama. Mreno huyo aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikianza, naye amepewa rubani aijuaye njia. Tarehe 20 Mei alikuwa ametia nanga karibu na Calicut, hazikupita siku 26. (Wako wasemao kwamba rubani huyo alikuwa Ibn Majid mwenyewe, wanahistoria wengi wa sasa hawalikubali hilo.) Wakati wa kurudi aligombana na watawala wa Calicut, akaharakisha safari, akaiacha pwani ya India tarehe 5 Oktoba. Huo ulikuwa wakati wa tanga mbili: kusi imekwisha kufa, kaskazi haijazaliwa. Lau angengoja hata Desemba angaliletwa na upepo kama aletwavyo kila nahodha. Bahari ililala kimya, siku nyingine upepo mdogo ukaja kwa omo. Hakuiona nchi ya Afrika ila tarehe 2 Januari 1499. Katika muda huo watu wake wapatao thelathini walikufa kwa ugonjwa wa ufizi kwa kukosa matunda na mboga, na katika kila merikebu wakabakia mabaharia saba au wanane tu wenye nguvu za kufanya kazi. Alipofika karibu na Mombasa alilazimika kuichoma moto merikebu yake moja, São Rafael, kwa kukosa watu wa kuiendesha. Njia ilikuwa ile ile na bahari ile ile. Kilichopungua ni miezi miwili ya subira.

Tuje kwenye mvua. Katika nyumba nyingi bado kuna mtungi wa udongo, na kila mtu ajua kwamba maji yake ni baridi kuliko ya ndoo. Maji hupenya katika udongo, yakatoka nje kidogo kidogo, yakageuka mvuke. Na kila tone ligeukalo mvuke huondoka na joto la mtungi. Bahari hufanya vivyo hivyo, nalo joto lile halipotei, limefichwa ndani ya mvuke. Mvuke ukipanda juu kwenye baridi na kurudi kuwa maji, joto hutolewa tena, likaisukuma hewa ipande zaidi. Wingu kubwa jeusi la masika lapata nguvu yake kwa namna hiyo, kama jiko lijitialo kuni lenyewe.

Basi ili mvua inyeshe hapana budi hewa yenye mvuke ipandishwe juu. Mlima waweza kuipandisha: mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, uelekeao pepo zenye maji, ni wa migomba na misitu, na upande wa kaskazini ni mkavu zaidi. Na mkutano wa pepo mbili huipandisha pia. Pale pepo za kaskazini zinapokutana na za kusini hewa hukosa pa kwenda ila juu, ukatokea ukanda wa mawingu uizungukao dunia. Ukanda huo hulifuata jua. Ukipita kwetu kwenda kaskazini, Machi hata Mei, ni masika. Ukirudi kusini, Oktoba hata Desemba, ni vuli. Dodoma na nchi za kusini ya hapo, ambako ukanda hufika ukakaa kidogo ndipo urudi, hupata msimu mmoja tu wa mvua.

Hapa kuna jambo ambalo halielezwi vya kutosha mashuleni. Mtoto hufundishwa kwamba nchi za ikweta ni nchi za mvua nyingi na misitu. Kweli, Kisangani kule Kongo hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Lakini Lodwar, iliyoko Kenya karibu na ikweta vile vile, haipati hata milimita 300. Kwa nini? Kaskazi itufikiayo imepita juu ya Arabuni na nchi kavu za Somalia, haina maji mengi. Kusi ina maji, lakini katika nguvu zake huambaa na pwani badala ya kuingia bara, hupita mbio kwenda India. Tena ikiambaa na pwani ya Somalia huyasukuma maji ya juu yakaenda mbali, na maji baridi ya kilindini yakapanda. Samaki hufurahi, lakini bahari ya baridi haitoi mvuke mwingi. Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki basi huishi kwa vile vipindi viwili vifupi tu, na kimoja kikikosekana ni njaa.

Tena vuli yenyewe hutegemea joto la bahari. Mwaka 1999 wataalamu walieleza kwamba Bahari ya Hindi ina tabia ya kupinda kama mizani: miaka mingine maji ya upande wetu hupata joto kuliko kawaida na ya upande wa Sumatra yakapoa, na miaka mingine kinyume chake. Upande wetu ukipata joto, vuli huwa gharika. Ilikuwa hivyo mwaka 1961, na katika miaka michache iliyofuata Ziwa Viktoria likapanda kwa zaidi ya mita mbili. Ikawa hivyo tena 1997, na tena 2019. Kisha kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ikafuatana bila mvua za kutosha katika Somalia, kusini ya Ethiopia na kaskazini ya Kenya, na mifugo ikafa kwa mamilioni.

Hali ya hewa ni mambo ya leo na kesho; desturi ya nchi kwa miaka thelathini na zaidi ndiyo iitwayo siku hizi tabianchi. Desturi hiyo nayo inabadilika. Hewa ya ukaa ilikuwa sehemu 280 hivi katika kila sehemu milioni za hewa kabla ya kuja kwa viwanda; sasa imepita 420, nayo hulizuia joto la ardhi lisitoke upesi. Barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa asilimia 85 hivi kati ya mwaka 1912 na 2007.

Hata vimbunga, tulivyozoea kuviona kuwa ni balaa la Madagaska na Msumbiji, havikutusahau kabisa. Kimbunga huhitaji bahari yenye joto na ule mpindo utokanao na mzunguko wa dunia, nao karibu na ikweta ni dhaifu mno. Ndiyo maana pwani yetu husalimika aghalabu. Unguja iko nyuzi sita tu kusini ya ikweta, yaani mpakani. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga, kikavunja merikebu za Seyyid Barghash bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa. Pemba, iliyo karibu zaidi na ikweta, haikudhurika sana, na tangu hapo ikawa ndiyo mbele kwa karafuu. Na tarehe 4 Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia. Nguvu zake zilipungua kilipoikaribia nchi kavu, lakini mvua zake zilikata barabara ya kwenda Lindi sehemu za Somanga, na wasafiri wakakwama pande zote mbili wakingoja maji yapungue.