MJOMBA, MINAZI NA JICHO LA ANGANI

Mpenzi msomaji, wiki hii naomba nikupeleke safari ndefu kidogo. Tunaanzia Msimbati, tunapanda angani kilomita 705, tunapitia sayari ya Mars, halafu nakurudisha Msimbati salama salimini. Nauli hulipi. Na kabla hujaniuliza, ndiyo, mimi ni yule yule niliyepata F ya Fizikia kidato cha nne, kwa hiyo usiogope. Nitakachoeleza hapa ni kile ambacho hata kichwa changu kimekikubali.

Kisa chenyewe ni cha kifamilia. Upande wa mama tuna shamba la minazi ufukweni, njia hiyo ya Msimbati. Ukishapita Madimba penye mitambo ya gesi, mchanga unazidi mpaka bodaboda anakuomba ushuke usukume. Shamba aliliacha babu, likabaki mikononi mwa Mjomba Mkubwa. Mjomba Mdogo alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, akakaa huko zaidi ya miaka ishirini. Aliporudi, kitu cha kwanza alichofanya ni kuhesabu minazi. Mstari wa mbele, ule aliokuwa akiukwea utotoni kuangua madafu, haupo. Wa pili nao haupo. Akauliza. Mjomba Mkubwa akajibu maneno mawili tu: "Bahari imekula."

Weee! Mjomba Mdogo akasema bahari haina meno. Akasema minazi imepasuliwa mbao, mchanga umeuzwa kwa wajenzi, na aliyekula ana jina na anakaa hapo hapo barazani. Tangu siku hiyo ikawa nuksi. Msibani mmoja akikaa mkeka wa huku, mwingine anahamia wa kule. Harusi ya binti wa Mjomba Mkubwa, Mjomba Mdogo hakutia mguu. Na kwa mila zetu za kusini mjomba ni mtu mkubwa sana kwa mpwa. Sasa wewe una wajomba wawili hawasalimiani, utamwamkia nani kwanza?

Basi siku moja niko zangu kijiweni Mtwara mjini nakunywa kahawa, mshikaji wangu niliyesoma naye, ambaye yeye Fizikia hakupata F, akanifungulia Google Earth kwenye simu. Akaniambia humu mna picha za dunia nzima kutoka angani, mwaka hadi mwaka, kuanzia 1984. Nikamwambia nenda Msimbati. Akaenda. Nyie acheni! Nikauona mto Ruvuma unavyojikunja kama chatu aliyeshiba, nikaona mikoko ya mlangoni, mafungu ya mchanga na Ghuba ya Mnazi. Akaanza kuisogeza miaka. Mchanga ukawa unatembea! Hapa unanyonyoka, pale unaota. Nikajisemea, kesi imekwisha.

Kesho yake asubuhi niko kwa Mjomba Mkubwa. Shikamoo, marahaba, nikamwonyesha. Mzee akaishika simu kwa mikono miwili kama sahani ya pilau. Akatazama kimya muda mrefu. Halafu badala ya kunishukuru akaniuliza:

"Mjomba, hii picha ilipigwa maji yamejaa au yametoka?"

Nikabaki nakodoa macho.

"Basi hujaniletea kitu," akasema. "Ufukwe huu bamvua maji yakitoka unatembea mpaka magoti yanauma. Yakijaa yanagonga mashina. Mimi nikipiga picha moja maji yametoka na nyingine yamejaa, nitakuonyesha bahari imekula nusu ya Msimbati kwa saa sita."

Nilirudi mjini nimenywea kama jogoo aliyenyeshewa. Lakini swali lile halikuniacha nilale, nikamganda mshikaji anieleze hizi picha zinapigwaje.

Chukua hii. Satelaiti ya kwanza katika ukoo unaoitwa Landsat, ukoo uliozaliwa kwa kazi ya kuipiga picha nchi kavu, ilirushwa na Wamarekani tarehe 23 Julai 1972. Ndugu yake wa tano, Landsat 5, alirushwa 1984 akitegemewa kufanya kazi miaka mitatu. Akaenda mpaka 2013! Siku hizi wako kazini Landsat 8, wa mwaka 2013, na Landsat 9, wa mwaka 2021. Wanazunguka dunia kutoka upande wa ncha ya kaskazini kwenda ya kusini, mzunguko mmoja kama dakika 99, na wakati huo dunia nayo inajigeuza chini yao. Kamera yao haibofyi mara moja kama ile ya studio. Inafagia ukanda wenye upana wa kilomita 185, kama mama anavyofagia uwanja asubuhi, mpaka dunia nzima imefagiliwa. Kila mmoja anarudi juu ya Mtwara baada ya siku 16, na kwa kuwa wanapokezana, tunapata picha kila baada ya siku 8. Tangu 2008 picha zao zote ni bure.

Sasa utaniuliza, je, mnazi wa babu unaonekana? Hapana. Picha yao imejengwa kwa vitone, na kila kitone ni mraba wa mita 30 kwa 30. Kwa jinsi minazi inavyopandwa, kitone kimoja kinameza minazi kama kumi. Satelaiti za Ulaya zinazoitwa Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa 2015, kitone chake ni mita 10, lakini za miaka ya babu hazina. Hata hivyo Landsat ana ujanja wake. Anaona mwanga ambao jicho letu halioni. Maji huumeza mwanga huo wote, kwa hiyo bahari inatoka nyeusi kama lami, na majani mabichi huurudisha kwa wingi. Ndiyo maana wataalamu hupenda kuichora mikoko nyekundu, ukidhani Ruvuma imewaka moto. Penye mpaka wa cheusi na kisicho cheusi, hapo ndipo pwani ilipo.

Lakini ni pwani ya saa ngapi? Hapo ndipo Mjomba aliponishika. Satelaiti hizi zimepangwa zipite kila mahali wakati ule ule wa jua. Kwetu Mtwara ni kama saa nne na nusu asubuhi. Sasa muulize mama yeyote wa Msimbati anayechokoa pweza, siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanakuwa yametoka saa ngapi? Atakwambia saa nne, saa nne na nusu. Na siku za maji mafu, saa hizo hizo maji yanakuwa yamejaa. Kwa hiyo satelaiti ikipita siku ya bamvua inakuta ufukwe mpana kama uwanja wa ndege. Ikirudi siku ya maji mafu inakuta ufukwe mwembamba. Asiyejua mwezi atasema bahari imekula, na wala haijala. Wataalamu wa picha wanaijua shida hii. Mzee wa darasa la nne naye anaijua, tena bila kompyuta.

Mshikaji akanipoza. Akaniambia usione haya, hata waliokwenda Mars yaliwakuta. Chombo cha Mariner 9 ndicho cha kwanza kuizunguka sayari nyingine. Kilifika Mars tarehe 14 Novemba 1971, kikafungua kamera, na kikaona nini? Vumbi! Tufani ya vumbi imeifunika sayari nzima, zinachungulia ncha tu za milima. Ingekuwa mimi ningetangaza kwamba Mars haina kitu. Wenyewe wakasubiri vumbi litue. Lilipotua, wakaona mlima Olympus, ambao una urefu wa kilomita kama 22, wakati Kilimanjaro yetu ina mita 5,895. Wakaona bonde la zaidi ya kilomita 4,000. Ukilinyoosha kutoka Mtwara kuelekea Misri linaingia mpaka ndani ya nchi hiyo. Bonde hilo likapewa jina la chombo chenyewe, Valles Marineris.

Kilichoniudhi ni kimoja. Kuna chombo kingine huko, Mars Reconnaissance Orbiter, kilifika mwaka 2006. Kamera yake kitone ni kama sentimita 30, na inaona kitu chenye ukubwa wa meza ya kulia chakula. Yaani jiwe la Mars, ambalo halina mwenyewe wala mrithi, linaonekana vizuri kuliko mnazi wa babu yangu! Mshikaji akacheka. Akasema kule hewa ni nyepesi na chombo kinapita chini, kama kilomita 300 hivi. Na hata duniani satelaiti za macho makali namna hiyo zipo, ila picha zake zinauzwa, na bei yake si ya kijiweni.

Kwa picha hizo za Mars waliona ndani ya shimo kubwa liitwalo Jezero tuta lililotanuka kama vidole vya mkono. Wakasema huu ni mlango wa mto, uliokauka zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita. Mwaka 2021, tarehe 18 Februari, wakatua hapo na gari lao la Perseverance. Walijuaje ni mlango wa mto na hakuna hata tone? Kwa kuwa wanaijua mito ya huku. Mto ukifika kwenye maji mapana unapunguza mwendo, unatua mzigo wa tope na mchanga, unatafuta njia nyingine, unatua tena. Ndivyo inavyofanya Ruvuma. Kwa maneno mengine, mito iliyo hai ndiyo inayotufundisha kuutambua mto uliokufa. Tofauti ni kwamba Mars hakuna mzee wa kumuuliza. Msimbati yupo.

Basi tukaanza upya. Jioni tatu tuko kwenye kompyuta. Picha za zamani za kwetu ni chache, na nyingi za miezi ya mvua zimejaa mawingu, hazionyeshi kitu. Tukachukua za kiangazi. Kila picha tukatazama tarehe yake, tukahesabu umri wa mwezi. Ya bamvua tukaiweka pembeni. Mwisho tukabaki na mbili za maji mafu kwa maji mafu, moja ya miaka ya tisini na moja ya miaka hii. Tukaziweka sambamba.

Mpenzi msomaji, mbele ya shamba letu vitone vilivyokuwa mchanga na majani vimekuwa vyeusi. Na si kwetu tu, hata mbele ya majirani wa kushoto na kulia, mstari mzima umerudi nyuma. Kama Mjomba angeuza mchanga, lingekuwepo pengo moja, la shambani kwetu. Ukisogea mbele zaidi, pwani hiyo hiyo, mchanga umeongezeka. Kumbe mchanga unahama. Ruvuma inautoa huko bara ilikoanzia, milima ya Matogoro karibu na Songea, inaumwaga mlangoni, halafu mawimbi ya kusi na ya kaskazi yanausukuma huku na huku. Mwaka mmoja unapewa, mwingine unanyang'anywa.

Nikampigia simu Mjomba Mdogo, nikamwomba aje, na siku nikaichagua makusudi. Bamvua, saa nne asubuhi. Picha nilimwonyesha, akaitikia kichwa bila kusema. Lakini kilichommaliza si picha. Maji yalipotoka, tulitembea sote watatu kwenye mchanga uliolowa, na mbele yetu vikaanza kuonekana visiki vya minazi, vimeota magamba ya chaza, vimejipanga mstari kama babu alivyovipanda. Mjomba Mdogo akainama akagusa kimoja. Akahesabu kwa sauti ya chini. Akasimama.

Hapo Mjomba Mkubwa akasema jambo ambalo hakuna satelaiti ingelisema. "Mnazi uliokwisha lala majini, niliupasua mbao. Hilo sikatai. Ningeuacha uoze?" Mjomba Mdogo akajibu, "Ungeniambia tu, kaka." Wakarudi pwani wanaongea habari za babu. Mimi nikabaki nyuma kidogo, mchanga ulikuwa umeniingia machoni.

Usidhani haya ni ya wajomba wangu peke yao. Mwaka 2019, tarehe 25 Aprili, kimbunga Kenneth kilipopiga Cabo Delgado, ng'ambo tu ya mto, satelaiti ndizo zilizokifuatilia kikiwa bado baharini, na sisi wa Mtwara tukaonywa mapema. Wenzetu Kenya nao, satelaiti yao ya kuitazama ardhi, Taifa-1, ilirushwa 15 Aprili 2023. Kwa hiyo wewe unayetaka kununua kiwanja cha ufukweni, Msimbati, Mikindani au kokote, usitazame madafu tu. Omba picha za miaka thelathini. Halafu, tafadhali sana, kaa na mzee wa hapo, umuulize maji yanafika wapi.

Na ukionyeshwa picha yoyote ya angani, uliza kwanza ile ya Mjomba. Ilipigwa maji yamejaa au yametoka?

Tukutane wiki ijayo, majaaliwa.