Mtoto wa Afrika Aliyekuwa Jemadari wa Urusi

Mnamo mwaka wa 1704 aliletwa Moscow mtoto mweusi wa miaka kama minane. Alikuwa ametekwa kwao Afrika, akapelekwa Stambuli katika jumba la Sultani, na huko watu wa mjumbe wa Urusi wakampata na kumsafirisha kwa siri mpaka kwa mfalme wao, Peter Mkuu. Mtoto huyo ndiye Abram Petrovich Gannibal, ambaye baadaye alipanda katika jeshi la Urusi mpaka cheo cha pili kutoka juu.

Kwao hasa ni wapi? Yeye mwenyewe aliandika mwaka wa 1742 kwamba alizaliwa Afrika katika mji wa Lagon, uliokuwa chini ya utawala wa baba yake. Kwa muda mrefu wataalamu walisema kuwa mji huo ulikuwa upande wa Uhabeshi. Lakini katika miaka ya 1990 mtaalamu mmoja wa Benin, Dieudonné Gnammankou, alieleza kwa hoja nzito kuwa ni Logone-Birni, kusini ya Ziwa Chad, katika nchi ya Kameruni. Wengi sasa wanaikubali rai hiyo.

Mfalme Peter alimpenda kijana huyo. Alimsimamia alipobatizwa huko Vilnius mwaka wa 1705, akawa akifuatana naye safarini na vitani. Mwaka wa 1717 alimwacha Ufaransa ili asome. Abram akaingia katika jeshi la Wafaransa, akapigana na Wahispania, akajeruhiwa kichwani, kisha akajiunga na chuo cha mizinga cha La Fère. Maisha yake ya huko hayakuwa ya raha. Fedha za Ufaransa siku zile zilikuwa za karatasi, na thamani yake ilishuka vibaya mno. Barua zake za kwenda nyumbani zimejaa habari za madeni, akieleza kuwa hakuyapata kwa anasa. Hata hivyo aliporudi mwaka wa 1723 alikuja na vitabu vipatavyo 400. Mwanafunzi mwenye njaa anunuaye vitabu si mtu wa kawaida.

Alifundisha hesabu na ujenzi wa maboma, na mwaka wa 1726 akamaliza kitabu cha sehemu mbili juu ya elimu hiyo. Lakini Peter Mkuu alikuwa amekwisha kufa mwaka wa 1725, na kijana aliyetegemea mkono wa mfalme alibaki bila ngao. Menshikov, aliyeshika mamlaka wakati huo, hakumtaka karibu na mfalme mdogo aliyekuwa mwanafunzi wake. Mwaka wa 1727 Abram aliamriwa kwenda Siberia, kutoka mji hata mji, mpaka Selenginsk karibu na mpaka wa Uchina, ati akajenge ngome. Miezi michache baadaye Menshikov mwenyewe alianguka, akapelekwa Siberia vilevile, na huko akafa. Abram hakufunguliwa upesi kwa sababu hiyo. Alikaa katika baridi ile mpaka mwaka wa 1730.

Haifai kuyaficha mabaya yake. Mwaka wa 1731 alimwoa Evdokia Dioper, binti wa nahodha wa Kigiriki, ambaye hakumtaka. Ndoa hiyo ikaharibika. Abram alimshtaki mkewe kwa uzinzi, naye mwanamke akateseka miaka mingi kifungoni. Kabla ya talaka kukatwa alikwisha kumwoa Christina Regina Siöberg, aliyemzalia watoto kumi.

Bahati yake iligeuka Elizabeth, binti wa Peter Mkuu, alipotwaa ufalme mwishoni mwa mwaka wa 1741. Alimfanya meja jenerali na mkuu wa ngome ya Reval, mji uitwao leo Tallinn, akampa pia ardhi ya Mikhailovskoye katika upande wa Pskov pamoja na mamia ya wakulima wasiokuwa na ruhusa ya kuondoka katika ardhi ya bwana wao. Hapo pana jambo la kufikiri: mtu aliyechukuliwa utumwani akawa bwana wa watu. Lakini mwaka wa 1743, alipompangisha mtu mwingine shamba lake moja karibu na Reval, aliandika katika mkataba kwamba wakulima wasipigwe wala wasiongezewe kazi. Na mpangaji alipolivunja sharti hilo, Abram aliuvunja mkataba.

Tangu mwaka wa 1752 alisimamia kazi za wahandisi wa jeshi, pamoja na mifereji na magudi ya Kronstadt, na mwaka wa 1759 akapewa cheo cha jemadari mkuu. Mwaka wa 1762 aliondolewa kazini, akahamia shambani kwake Suida. Inasimuliwa kuwa huko alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa Urusi kulima viazi vya Ulaya katika mashamba makubwa. Akafa mwaka wa 1781.

Mwanawe wa kwanza, Ivan, aliiteka ngome ya Navarino kutoka kwa Waturuki mwaka wa 1770, na kuujenga mji wa Kherson tangu mwaka wa 1778. Mwana mwingine, Osip, alimzaa Nadezhda, na Nadezhda ndiye mama wa Alexander Pushkin, mshairi ambaye Warusi humweka mbele ya wote. Pushkin alijivunia babu yake huyo Mwafrika, akaanza kuandika hadithi juu yake asiimalize. Serikali ilipomfukuza mjini mwaka wa 1824, mahali alipopelekwa kukaa chini ya ulinzi palikuwa ni Mikhailovskoye, katika ardhi ileile aliyopewa Abram.