Majina ya Heshima ya Waimbaji na Watunzi

Kila mtoto hupewa jina na wazazi wake, nalo humtosha mpaka mwisho wa maisha yake. Lakini wako watu wachache waongezewao jina jingine, wasilopewa na baba wala mama, bali na wale waliowasikia wakiimba au waliowaona wakifanya kazi yao. Jina hilo halinunuliwi, wala mtu hajipi mwenyewe. Mimi nilipokuwa kijana nilitunga mashairi matatu, nikaandika chini yake neno "malenga" pamoja na jina langu. Mwalimu wangu aliyasoma yote, akachukua kalamu, akalifuta neno lile moja tu.

Tuanze na neno mlijualo, fundi. Neno hili lina udugu na kufunda, yaani kufundisha. Basi fundi wa kweli si yule ajuaye kazi tu, ila ni yule awezaye kumfunda mwenziwe akaijua. Siku hizi kila ashikaye nyundo huitwa fundi, hata kama meza yake ina miguu mitatu mirefu na mmoja mfupi.

Katika ngoma, yule atungaye nyimbo na kuwaongoza waimbaji huitwa manju. Malenga naye zamani alikuwa mwimbaji hodari wa ngomani. Sasa twamwita hivyo mtunzi wa mashairi aliyebobea. Shaha ni neno la Kiajemi, maana yake mfalme, nalo hutumika pia katika mchezo wa sataranji. Mshairi aitwaye shaha ni mkuu wa washairi wenzake. Ustadhi ni mwalimu. Huko Bara Hindi mabingwa wa muziki walio Waislamu huitwa Ustad, na walio Wahindu huitwa Pandit. Mwaka 1971 kilipigwa chapa kitabu cha mashairi ya Ahmad Nassir Juma Bhalo wa Mombasa, na juu ya jalada lake yamo majina mawili ya namna hii: Malenga wa Mvita, na Ustadh.

Lakini hakuna jina la heshima lililobadili hali ya mtu kama lile la Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, karibu na mwaka 1880, na wazazi wake walikuwa wa ukoo wa watumwa. Wakamwita Mtumwa. Fikirini, watoto, kuitwa kwa jina hilo kila asubuhi! Alijifunza ufinyanzi kwa mama yake, akatembeza vyungu akiwaita wanunuzi kwa sauti iliyofika mbali. Mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa kuimba pamoja na wapiga ala. Kabla yake taarabu ilikuwa ya jumba la Sultani, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Yeye aliimba kwa Kiswahili, na watu wa mitaani wakasikia mambo yao wenyewe yakiimbwa. Sifa zake zilipoenea akapewa jina la Siti, neno litokalo katika Kiarabu, maana yake bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wenzake, sauti zao zikatiwa katika sahani za santuri, na jina lililoandikwa juu ya sahani lilikuwa Siti, wala si Mtumwa. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake.

Baada yake alikuwako mwimbaji mwingine wa Unguja, Fatuma binti Baraka, aliyeziimba nyimbo za Siti. Huyu watu walimwita Kidude, yaani kitu kidogo tu. Akawa mashuhuri, akaimba katika nchi za mbali, naye hakulibadili jina lile mpaka alipofariki mwaka 2013. Watu waliongeza neno moja tu mbele yake, wakamwita Bi Kidude.