Sheli na Kompaila katika Uchanganuzi wa Matini za Kiswahili
Mtafiti anayehifadhi matini za Kiswahili katika kompyuta ya mezani hana budi kuamua mapema: atumie sheli, yaani programu inayotekeleza amri mojamoja papo hapo, au kompaila, inayogeuza kanuni zote kuwa umbo la mashine kabla ya kazi kuanza.

Tuchukue sentensi: "Wakulima wa Mabogini, karibu na Moshi, wako shambani." Amri ya grep inayotafuta maneno yanayoishia na -ni huleta Mabogini na shambani, katika matini ndefu huleta pia njooni, kanuni na samahani. Humo mnachanganyika -ni ya jina la mahali, ya kielezi, ya wingi katika amri, na silabi isiyo kiambishi. Tena, amri ya tr ikishusha herufi kubwa, mji wa Moshi hautofautiki na moshi wa kuni!

Kwa kuhesabu maneno sheli yatosha. Kuandika programu ya C kwa ajili hiyo ni kupoteza muda. Uchanganuzi wa mofimu wadai zaidi. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alieleza mwaka 1992 jinsi modeli ya ngazi mbili ya Kimmo Koskenniemi (1983) inavyotumika kwa Kiswahili: leksikoni na kanuni huandikwa, kisha hupitishwa katika kompaila. Jina la kijiji lisiloingizwa katika leksikoni hubaki bila uchanganuzi mpaka kazi hiyo irudiwe. Orodha ya majina kama hayo, hata hivyo, hupangwa kwa amri mbili tu za sheli, sort na uniq.