Sista Haposwi Mara Mbili

Nchiru, upande wa Tigania, ndipo yalipo makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru. Mzee akishakula kiapo cha Njuri, ni chake hadi kaburini. Posa nayo haichezewi. Huanza na kitita cha miraa teule kilichofungwa kwa ustadi. Wakwe wakikipokea, binti amekwisha semewa, na kijana mwingine hapigi hodi.

Kwa mizani hiyo ndivyo ninavyoyaelewa maisha ya masista wetu. Binti akiingia utawani, ukoo hukosa ng'ombe, kondoo na asali ya mahari, na si kila mzazi humeza hilo kirahisi. Lakini siku ya nadhiri za daima wanawake hupiga vigelegele vya harusi, maana ni harusi kweli, harusi na Kristo, na pete i kidoleni. Kinachofuata ni kengele ya alfajiri, masifu, misa, zamu ya wodi, masifu ya jioni. Mwaka baada ya mwaka. Naamini ujasiri wa sista anayeuawa kwa ajili ya imani hupikwa hapo, katika utii wa kengele, muda mrefu kabla bunduki haijaonekana.

Anuarite Nengapeta wa Kongo alikuwa na miaka 24 waasi wa Simba walipowapakia yeye na masista wenzake wa utawa wa Bafwabaka kwenye lori, mwishoni mwa Novemba 1964. Kule Isiro afisa wa waasi alimtaka awe mke. Alikataa: alikuwa amekwisha poswa. Alipigwa, akachomwa visu, akapigwa risasi, naye akamsamehe muuaji wake. Mwaka 1985 Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mjini Kinshasa.

Karibu nasi zaidi yuko Sista Leonella Sgorbati wa shirika la Consolata, Mwitaliano aliyekuwa mkufunzi mkuu wa shule ya wauguzi ya Hospitali ya Nkubu, hapa hapa Meru, miaka ya 1980. Wauguzi wengi waliotutibu walipita mikononi mwake. Baadaye alikwenda Mogadishu, mji uliochanwa na vita, kuanzisha shule kama ile. Septemba 17, 2006, akitoka kufundisha, alipigwa risasi barabarani. Akiwa anakata roho alisema mara tatu kwamba anasamehe.

Mlinzi wake, Mohamed Mahamud Osman, Mwislamu na baba wa watoto wanne, aliuawa pamoja naye akijaribu kumkinga.